Makao ya Mtelezaji: Uteuzi wa Mahali pa Kuishi Katika Zama za Theluji Isiyoaminika

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii aghalabu humwonya mtu anayevutiwa na sura ya nje akasahau kuchunguza yaliyomo. Katika makala haya, methali hiyo inatumiwa kuangazia uamuzi unaowakabili watu wengi katika nchi za baridi: mtu apendaye mchezo wa kuteleza kwenye theluji aishi wapi, ilhali theluji yenyewe imegeuka kuwa mgeni asiyetabirika? Mlima mweupe unaoonekana dirishani ni mlango tu. Ndani mna kazi, kodi, shule ya watoto, barabara, na zaidi ya yote, majira ya baridi ambayo mwaka huu huenda yakaleta theluji ya kufunika mapaa na mwaka ujao yasilete hata ya kufunika nyasi.

Huenda msomaji akauliza: jambo hili lamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili? Jawabu lipo, tena karibu kuliko inavyodhaniwa. Philip Boit, mwanariadha wa Kenya, alishiriki mbio za kilomita 10 katika Olimpiki ya Majira ya Baridi kule Nagano, Japani, mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho, lakini mshindi wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norwe, alimngojea penye mstari wa kumalizia ili amkumbatie. Kabla ya siku hiyo, Boit alilazimika kwenda Ufini kufanya mazoezi, kwani nyumbani hapakuwa na theluji ya kutelezea. Naye Sabrina Simader, aliyezaliwa Kenya na kulelewa Austria, aliiwakilisha Kenya kule Pyeongchang, Korea Kusini, mwaka 2018, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kushiriki michezo hiyo. Wote wawili walifungwa na swali lile lile: mtelezaji hawezi kuitenga ari yake na mahali anapoishi. Mwanariadha wa mbio za kawaida huweza kutoka mlangoni akaanza kukimbia. Mtelezaji sharti aifuate theluji iliko.

Hoja kuu ya makala haya ni kuwa mtelezaji wa leo hapaswi kuteua mlima, bali makao. Na makao hayo yapimwe kwa mwaka mbaya wala si kwa mwaka mzuri. Ili kuitetea hoja hii, tutaanza kwa kufafanua istilahi, kisha tueleze kwa nini theluji imepoteza uaminifu, halafu tuchunguze vigezo vya uteuzi kwa kurejelea mifano ya milima ya Alps barani Ulaya na ile ya magharibi mwa Marekani.

Ufafanuzi wa Istilahi

Waswahili wa mwambao hawakuishi na theluji, na msamiati wao unalidhihirisha jambo hilo. Neno theluji lina asili ya Kiarabu, thalj. Neno barafu nalo lahusiana na barf la Kiajemi, ambalo katika lugha hiyo humaanisha theluji yenyewe. Lilipotia nanga katika Kiswahili likachukua maana ya maji yaliyoganda yakawa magumu. Tofauti hii ni muhimu kwa mada yetu kwa sababu mtelezaji hutafuta theluji, ile laini inayoanguka kama pamba, wala si barafu, ambayo ni ngumu na hatari. Neno kipupwe tumeliepuka kwa makusudi. Ingawa wapo wanaolitumia kwa majira ya baridi ya Ulaya, kwa asili hurejelea kipindi cha baridi ya kadiri katikati ya mwaka katika mazingira yetu. Hapa tutasema majira ya baridi.

Kitenzi teleza pia kinahitaji maelezo. Katika matumizi ya kawaida, kuteleza ni jambo lisilotakikana: mtu huteleza matopeni, au ulimi huteleza ukatamka lisilofaa. Husemwa kuwa kuteleza si kuanguka, yaani kuteleza ni nusu ya ajali. Kwa mwanamchezo tunayemzungumzia, kuteleza ni kitendo cha hiari na cha ustadi, afanyacho akiwa amevaa skii, yaani vibao virefu vyembamba vinavyofungwa kwenye viatu. Mtelezaji basi ni mtu anayeshiriki mchezo huo, na kituo cha kutelezea ni eneo la mlima lililotengewa mchezo huo, lenye miteremko iliyotayarishwa na mitambo ya kamba za chuma inayowapandisha watu hadi juu.

Istilahi ya mwisho ni theluji ya kutegemewa. Wataalamu wa utalii wa milima ya Alps wamezoea kutumia kanuni ya siku 100: kituo huhesabiwa kuwa na theluji ya kutegemewa ikiwa hupata angalau sentimita 30 za theluji kwa siku zisizopungua 100 katika msimu. Chini ya hapo, ni vigumu kwa kituo kulipa wafanyakazi na kudumisha mitambo yake. Kanuni hii itatufaa kama mizani katika sehemu zinazofuata.

Kwa Nini Theluji Imepoteza Uaminifu

Ili theluji ianguke, mambo mawili sharti yakutane: unyevu hewani na baridi ya kutosha. Unyevu ukija bila baridi, hunyesha mvua. Baridi ikija bila unyevu, mbingu huwa safi na ardhi hubaki kavu. Mkutano huu haujawahi kuwa na uhakika. Katika Olimpiki ya mwaka 1964 iliyofanyika Innsbruck, Austria, theluji ilikosekana hata wanajeshi wakalazimika kuibeba kutoka juu milimani na kuitandaza kwenye njia za mashindano. Msimu wa 1976 hadi 1977 nao ulikuwa wa ukame mkali magharibi mwa Marekani, na vituo vingi vilifunga au vikachelewa kufungua. Kwa hivyo, si kweli kwamba zamani theluji ilikuwa mtiifu. Jambo jipya ni kwamba joto la dunia limeanza kuuvunja mkutano huo mara nyingi zaidi, hasa katika milima mifupi.

Kanuni ya kifizikia inayohusika ni nyepesi kueleweka. Kwa wastani, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 za selisiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa mantiki hiyo, joto likiongezeka kwa nyuzi 1, mpaka wa theluji ya kutegemewa hupanda mlimani kwa mita zipatazo 150. Mwaka 2007, Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, lilichapisha utafiti kuhusu vituo 666 vya milima ya Alps. Wakati huo, vituo 609 vilikuwa na theluji ya kutegemewa. Watafiti walikadiria kwamba joto likiongezeka kwa nyuzi 1, vitabaki 500; likiongezeka kwa nyuzi 2, vitabaki 404; na likiongezeka kwa nyuzi 4, vitabaki 202. Nyuma ya kila kituo kinachoondoka katika hesabu hiyo kuna kijiji, mikopo ya nyumba na ajira za msimu.

Dalili zimekwisha kuonekana. Kule Bolivia, barafu ya kudumu ya Chacaltaya, iliyokuwa na kituo cha kutelezea katika kimo cha zaidi ya mita 5,000, ilitoweka kabisa mwaka 2009. Mwaka 2010, waandaaji wa Olimpiki ya Vancouver, Kanada, walisafirisha theluji kwa malori na helikopta hadi kwenye mlima wa Cypress. Mwaka 2022, mashindano ya Beijing yalitegemea theluji ya kutengenezwa karibu yote. Januari 2023, mashindano ya Adelboden, Uswisi, yalifanyika juu ya utepe mweupe uliotandazwa katikati ya malisho ya rangi ya kahawia. Sisi wenyewe hatuhitaji kwenda mbali kushuhudia: barafu za Mlima Kenya, ikiwemo ile ya Lewis, zimepungua mno tangu miaka ya 1930.

Isitoshe, bahari ina mkono wake. Msomaji wa Afrika Mashariki anaikumbuka El Niño kwa mafuriko ya mwaka 1997 na 1998. Hali hiyo hiyo ya kupata joto kwa maji ya Bahari ya Pasifiki huelekeza tufani za majira ya baridi kule Marekani. Mara nyingi, mwaka wa El Niño huleta majira ya baridi yenye joto kiasi na theluji haba kaskazini-magharibi, katika majimbo ya Washington na Oregon, huku kusini-magharibi kukipata unyevu zaidi. La Niña aghalabu hugeuza mambo. Basi, wingu linalomfurikisha mkulima wa Budalang'i na theluji inayomkimbia mtelezaji wa Seattle huweza kuwa na chimbuko moja.

Wastani Hudanganya: Funzo la California

Mtu anayetafuta makao hukutana kwanza na takwimu za wastani. Kila kituo hutangaza kwa fahari ni mita ngapi za theluji huanguka huko kwa mwaka. Wastani una manufaa yake, lakini haumwambii mtelezaji jambo analolihitaji zaidi, nalo ni kiasi gani mwaka mmoja hutofautiana na mwingine.

Mfano bora ni wa milima ya Sierra Nevada katika jimbo la California, mnamo ziwa Tahoe. Tarehe 1 Aprili 2015, theluji iliyopimwa jimboni ilikuwa asilimia 5 tu ya kiwango cha kawaida cha siku hiyo. Gavana wa wakati huo, Jerry Brown, alisimama juu ya nyasi kavu mahali ambapo kwa kawaida angezama thelujini, akaamuru matumizi ya maji yapunguzwe. Miaka minane baadaye, mwanzoni mwa Aprili 2023, kipimo kilikuwa asilimia 237. Mtu akijumlisha takwimu hizi mbili na kuzigawanya, atapata asilimia 121, akajipongeza kuwa amepata mahali penye theluji kupita kawaida. Lakini hakuna anayeishi ndani ya wastani. Aliyehamia Tahoe mwaka 2014 alikaa msimu mzima akitazama majabali matupu, ilhali aliyekuwepo mwaka 2023 alifukua mlango wake kwa koleo, barabara zikafungwa, na baadhi ya vituo vikasimamisha shughuli kwa siku kadhaa kwa sababu theluji ilizidi kiasi.

Chanzo cha tofauti hii ni jiografia. Sierra Nevada imekaa karibu na Bahari ya Pasifiki. Tufani zake hubeba unyevu mwingi, lakini huwa na joto kiasi. Uso wa ziwa Tahoe uko katika kimo cha mita 1,897, na vituo vingi vinavyolizunguka huanzia karibu na hapo. Tufani ikiwa na joto la nyuzi mbili tatu zaidi, mvua hunyesha chini ya mlima huku theluji ikianguka kileleni pekee. Kwa maneno mengine, eneo hili limekalia mpaka, na mwenye kukaa mpakani hupata hasara au faida kwa mabadiliko madogo.

Swali linalofaa kuulizwa na mtelezaji, basi, si "hapa huanguka theluji kiasi gani?" bali "katika mwaka mbaya kuliko yote ya muongo uliopita, ningeteleza siku ngapi?" Jawabu hupatikana katika kumbukumbu za vipimo, wala si katika matangazo ya biashara. Marekani ina mtandao wa vituo vya kupimia theluji milimani uitwao SNOTEL, ambao takwimu zake zinapatikana kwa umma. Uswisi nayo ina taasisi ya utafiti wa theluji mjini Davos, ambayo vipimo vyake vya Weissfluhjoch, mahali palipo zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, vimechukuliwa tangu mwaka 1936.

Vigezo vya Uteuzi

Kutokana na maelezo hayo, tunaweza kubainisha vigezo vinne vya kimazingira.

Kigezo cha kwanza ni kimo. Kinachotakiwa kuangaliwa si kimo cha kilele peke yake, kwani ndicho kinachotangazwa, bali kimo cha chini ambako mteremko unaishia. Mji wa Kitzbühel, Austria, ni mashuhuri kwa mbio za Hahnenkamm zilizoanza mwaka 1931, lakini mji wenyewe uko chini ya mita 800. Kijiji cha Val Thorens, Ufaransa, kimejengwa katika mita 2,300. Sifa na historia ni za Kitzbühel; nafasi ya kuwa na theluji mlangoni miaka 20 ijayo ni ya Val Thorens.

Kigezo cha pili ni umbali kutoka baharini. Milima iliyo ndani ya bara hupata tufani ambazo zimekwisha kumwaga sehemu ya unyevu wake na kupoa. Theluji yake huwa nyepesi na kavu, na uwezekano wa kunyesha mvua katikati ya msimu huwa mdogo. Hii ndiyo tofauti kati ya Sierra Nevada na milima ya Wasatch katika jimbo la Utah. Hata hivyo, bahari si adui siku zote. Kisiwa cha Hokkaido, Japani, hupata theluji nyingi ajabu kwa sababu upepo mkavu na baridi kali kutoka Siberia huvuka Bahari ya Japani, ukanyonya unyevu wake na kuutua milimani kama theluji.

Kigezo cha tatu ni upande ambao mteremko unaelekea. Katika nusu ya kaskazini ya dunia, ubavu unaotazama kaskazini hupata jua kidogo na hutunza theluji kwa wiki nyingi zaidi kuliko ule unaotazama kusini. Milima miwili yenye kimo sawa huweza kuwa na misimu tofauti kwa sababu hii tu.

Kigezo cha nne ni uwezo wa kutengeneza theluji. Mitambo ya kisasa hunyunyiza maji hewani yakaganda kabla ya kutua. Wapo wanaodhani kwamba mitambo hiyo imelimaliza tatizo. La hasha. Hufanya kazi vizuri ikiwa tu hewa ina baridi ya kutosha. Kadiri hewa inavyokuwa na unyevu, ndivyo baridi inavyohitajika kuwa kali zaidi. Aidha, kufunika hekta moja kwa kina cha sentimita 30 huhitaji zaidi ya lita milioni 1 za maji. Mitambo humsaidia mwenye baridi asiye na theluji. Asiye na baridi haisaidii kitu.

Fauka ya hayo, mtelezaji asisahau kwamba ataishi mahali hapo hata wakati wa kiangazi. Agosti 2021, wakazi wa South Lake Tahoe, maelfu kwa maelfu, waliamriwa kuhama kwa muda kwa sababu ya moto wa nyika ulioitwa Caldor. Theluji ikiwa haba, misitu hukauka mapema. Hivyo majira ya baridi yasiyoaminika huzaa kiangazi cha hatari, na mwenye nyumba hulipia yote mawili.

Kijiji au Mji?

Mtelezaji akishavizingatia vigezo hivyo, hushawishika kununua nyumba katika kijiji kilicho juu kabisa, chini ya kamba za kituo kimoja. Makala haya yanapendekeza aufikirie upya uamuzi huo. Kijiji cha aina hiyo huwa na shughuli moja tu. Theluji ikikosekana, si mchezo peke yake unaokwama, bali pia hoteli, duka, mkahawa na thamani ya nyumba. Aliyetegemea kufundisha kuteleza hukosa mshahara wakati ule ule jirani yake aliyekodisha vyumba anapokosa wageni. Hakuna wa kumkopesha mwenzake, kwani wote wamepigwa na rungu moja.

Mwaka 2023, kituo kidogo cha La Sambuy nchini Ufaransa kilifungwa kwa kuwa msimu wake ulikuwa umefupika hata gharama zikashinda mapato. Kule Métabief, katika milima ya Jura ambako kilele hakifiki mita 1,500, wasimamizi walianza kupanga namna ya kuachana na mchezo huu katika miaka ya 2030. Uamuzi wa Métabief unastahili sifa, maana ni afadhali kijiji kinachojiandaa kuliko kinachosubiri muujiza. Hata hivyo, kwa mtu aliyekopa kwa miaka 25 ili aishi karibu na mitambo hiyo, tangazo kama hilo hugeuza hesabu zake zote.

Tofauti na kijiji, mji uliozungukwa na vituo vingi humpa mtelezaji machaguo. Innsbruck, ule ule uliokosa theluji mwaka 1964, ni mfano mzuri. Mji uko katika kimo cha mita 574 tu, na kwa kigezo cha kimo ungetupiliwa mbali. Lakini kutoka mjini mtu hupanda mitambo hadi safu ya Nordkette yenye zaidi ya mita 2,200, na kwa safari isiyozidi saa moja hufika kwenye barafu ya Stubai inayozidi mita 3,000. Theluji ikikosekana chini, huenda juu. Upepo ukifunga juu, hurudi chini. Isitoshe, mji una chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1669, una hospitali na viwanda. Majira ya baridi yakifeli, mji haufeli.

Salt Lake City, makao makuu ya Utah, una sifa zinazokaribiana na hizo. Katika muda wa takriban saa moja, mkazi wake huweza kufika Alta, Snowbird, Brighton, Solitude, Park City au Snowbasin. Alta, ambayo msingi wake uko katika mita zipatazo 2,600, ilipata inchi 903 za theluji katika msimu wa 2022 hadi 2023, yaani karibu mita 23. Mji huu ndio ulioandaa Olimpiki ya mwaka 2002, ambako Boit alishiriki kwa mara ya pili, na umeteuliwa tena kwa mwaka 2034. Hata hivyo, hakuna masika yasiyo na mbu. Wakati wa baridi, hewa yenye joto hulala juu ya bonde kama kifuniko cha chungu, ikauzuia moshi kutoka, na wenye pumu huteseka. Barabara ya kwenda Alta hupita chini ya miteremko mingi inayoporomosha theluji, na Aprili 2023 ilifungwa kwa siku kadhaa. Nalo Ziwa Kuu la Chumvi lilishuka hadi kiwango cha chini kuliko vyote vilivyowahi kupimwa mwaka 2022. Anayehamia huko na ajue anachokinunua.

Utaratibu na Wajibu

Tukizingatia hayo, utaratibu unaofaa unajibainisha wenyewe. Kwanza, mtelezaji apange nyumba kabla ya kununua, tena akae misimu miwili au mitatu, kwani msimu mmoja ni shahidi mmoja. Pili, achunguze vimo vya maeneo yaliyo umbali wa saa moja na kuhesabu ni miteremko mingapi itakayobaki na theluji ikiwa mpaka utapanda kwa mita 150 au 300. Tatu, ahakikishe kuwa mapato yake hayatoki kwenye theluji ile ile anayoitegemea kwa burudani. Nne, asome sheria za makazi. Uswisi, kwa mfano, iliamua kwa kura ya maoni ya Machi 2012 kwamba nyumba za mapumziko zisizidi asilimia 20 ya nyumba zote katika kila wilaya ndogo, ili wenyeji wasifukuzwe na bei.

Jambo hili la mwisho linatuelekeza kwenye wajibu. Mwenye pesa anaponunua nyumba ya kulala wiki tatu kwa mwaka, huchangia kupandisha kodi mpaka mwalimu na muuguzi wa kijiji wakahamia mabondeni. Kadhalika, wapo watelezaji ambao wameamua kutoishi karibu na mlima wowote, bali kupanda ndege kila theluji inapotangazwa mahali. Uamuzi huu una mantiki kwa mtu mmoja mmoja, lakini safari za ndege huongeza gesi zinazoipasha dunia joto. Anayeikimbilia theluji kwa njia hiyo anaifukuza kwa mkono mwingine. Kuishi mjini, karibu na milima kadhaa inayofikiwa kwa basi au gari moshi, ni uamuzi unaoifaa nafsi na jamii kwa pamoja.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba swali la mtelezaji si swali la burudani pekee. Ni swali la namna ya kuishi wakati ambapo maumbile hayarudii tena ratiba yake ya zamani. Tumeona kwamba theluji huhitaji mkutano wa baridi na unyevu, kwamba wastani huficha miaka mibaya, na kwamba kimo, umbali kutoka baharini, mwelekeo wa mteremko na uwezo wa mitambo ndivyo vigezo vya msingi. Juu ya vyote hivyo, tumesisitiza kuwa makao bora ni yale yanayoweza kumstahimilisha mkazi wake hata theluji isipokuja.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Milima ya Alps na Rocky itaendelea kupata theluji kwa miaka mingi ijayo, lakini kila msimu utakuwa msala upitao, leo upo, kesho haupo. Mbachao ni kazi, majirani, shule na hewa ya kuvuta wakati wa kiangazi. Mtelezaji mwenye busara atandike mbachao kwanza, mahali ambapo msala ukipita ataweza kuufikia. Nao mkulima wa Kitui anayengojea mvua za vuli, au mfugaji wa Marsabit anayepima mawingu kabla ya kuhamisha ng'ombe, hatahitaji kufafanuliwa hoja hii. Ameishi ndani yake muda mrefu kabla ya wakazi wa Tahoe na Tirol.